Atomu nzito katikati ya kioo cha simu: iridiamu, mwanga wa OLED na ugumu wa rangi ya buluu

Kioo cha OLED hakina taa nyuma yake. Kila nukta ya picha inawaka yenyewe, na ikitakiwa kuwa nyeusi inazimwa kabisa. Ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli, na ndiyo maana kuiweka simu ya namna hiyo kwenye mandhari meusi kunaokoa chaji, wakati kioo cha LCD, ambacho taa yake ya nyuma inawaka muda wote, hakinufaiki kwa lolote la maana. Hayo wengi wanayajua. Kisichosemwa sana ni kwamba nukta nyekundu na za kijani za kioo hicho zinapata mwanga wake kwenye molekuli ambazo kila moja imebeba atomu ya metali nzito, kwa kawaida iridiamu, na kwamba bila atomu hiyo robo tatu ya nishati inayofika kwenye nukta ingeishia kuwa joto tu.

Robo tatu hiyo haitokani na uzembe wa kiwanda wala ubovu wa malighafi. Ni hesabu iliyomo ndani ya elektroni zenyewe, na kazi kubwa ya wanakemia wa vioo hivi tangu mwaka 1998 imekuwa kutafuta njia ya kuizunguka. Kwa nyekundu na kijani wamefanikiwa vizuri sana. Kwa buluu bado wanahangaika, na sababu za kuhangaika huko zinafundisha kuliko mafanikio yenyewe.

Tuanze na jinsi mwanga unavyozaliwa. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, watafiti wa kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani, walichapisha matokeo ya kifaa chenye matabaka mawili ya kampaundi za kaboni, kwa pamoja yakiwa na unene wa nanomita mia moja na kitu, yaliyobanwa kati ya ncha mbili za umeme: anodi (ncha chanya) angavu ya oksidi ya indiamu na bati, na kathodi (ncha hasi) ya magnesiamu iliyochanganywa na fedha. Kwa chini ya volti 10 kifaa kiliwaka kijani. Kilichotoa mwanga humo kilikuwa kampaundi ya aluminiamu inayoandikwa kwa kifupi Alq3.

Kinachotokea ndani ni hivi. Upande wa kathodi zinaingia elektroni. Upande wa anodi elektroni zinavutwa nje, na nafasi zinazoachwa wazi, ambazo wanafizikia wanaziita matundu, zinahama kutoka molekuli moja hadi nyingine kana kwamba nazo ni chembe zenye chaji chanya. Elektroni na tundu vikikutana kwenye molekuli moja, molekuli hiyo inajaa nishati. Hali hiyo ya kujaa inaitwa eksitoni. Ikishuka kutoka hapo kwa kutoa nishati yake kama mwanga, kazi imefanyika. Ikishuka kwa njia nyingine yoyote, umeme umeliwa bure.

Sasa inaingia spini. Kila elektroni ina spini, sifa ya asili inayoweza kuelekea upande mmoja au wa pili, na elektroni mbili zikioanishwa bila mpangilio zina njia nne za kuunganisha spini zao. Njia moja inazaa hali iitwayo singleti. Tatu zilizobaki zinazaa tripleti. Singleti inashuka na kutoa mwanga ndani ya nanosekunde chache. Tripleti haina ruhusa hiyo, kwa sababu ili ishuke, spini ya elektroni moja lazima igeuke, na mwanga peke yake hauna uwezo wa kuigeuza. Ni kama abiria wanne stendi ambao mmoja tu amekatiwa tiketi, na watatu wanabaki kwenye benchi mpaka nguvu ziwaishie. Kwenye molekuli ya kaboni, haidrojeni na nitrojeni pekee, tripleti inaweza kudumu milisekunde kadhaa au zaidi, na katika hali ya joto la kawaida mitikisiko ya molekuli inaimaliza nishati yake kabla haijatoa mwanga wowote.

Kwa hiyo kifaa cha 1987, hata kingetengenezwa kwa ustadi wa namna gani, kilikuwa na dari juu yake. Ni robo ya eksitoni tu zilizoweza kutoa mwanga. Na kwa kuwa kwenye kifaa bapa ni kama sehemu ya tano tu ya mwanga inayofanikiwa kutoka nje, mengine yakinaswa ndani ya matabaka na glasi, dari ya kile kinachofika jichoni ilikuwa karibu asilimia 5. Kifaa chenyewe kilifikia kama asilimia 1.

Atomu nzito inavyofungua njia

Kanuni inayoizuia tripleti inasimama imara pale tu ambapo spini ya elektroni na mwendo wake kuzunguka kiini cha atomu ni mambo mawili yasiyogusana. Karibu na kiini kizito yanagusana, tena kwa nguvu. Elektroni inayopita karibu na kiini chenye protoni 77, kama cha iridiamu, au 78, kama cha platinamu, inakwenda kwa kasi kubwa ndani ya uga mkali wa umeme, na kwa elektroni iliyo mwendoni uga huo unafanya kazi kama sumaku inayoishika spini yake. Spini na mzunguko vinafungamana. Singleti na tripleti haziwi tena hali mbili zilizotengana. Zinachanganyika, na tripleti inaazima sehemu ya ruhusa ya singleti. Kwenye kaboni, yenye protoni 6, mfungamano huo upo lakini ni mdogo mno kusaidia.

Faida yake ni maradufu. Tripleti, ambazo zilikuwa hasara, sasa zinatoa mwanga. Na singleti nazo zinageuka upesi kuwa tripleti na kutokea mlango huohuo. Kinadharia eksitoni zote nne zinahesabika.

Waliolithibitisha hili kwenye kifaa walikuwa kundi la Stephen Forrest wa Princeton na Mark Thompson wa Chuo Kikuu cha Southern California, mwaka 1998. Walitumia kampaundi iitwayo PtOEP: atomu ya platinamu iliyokaa katikati ya pete ya porfirini, pete ya ukoo uleule unaobeba chuma kwenye damu yetu na magnesiamu kwenye majani mabichi. Mwanga ulikuwa mwekundu ulioiva, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, na kwa kila elektroni 100 zilizopita, fotoni (chembe za mwanga) 23 hivi zilizaliwa ndani ya kifaa. Namba hiyo iko chini ya dari ya zamani ya 25. Umuhimu wake ni kwamba mwanga huo ulitoka kwenye tripleti, eneo ambalo hadi wakati huo lilihesabiwa kuwa limepotea.

PtOEP ilikuwa na kasoro moja kubwa. Tripleti yake inakaa muda unaokaribia mikrosekunde 100 kabla ya kutoa mwanga. Muda huo ni mrefu. Ukiongeza mkondo ili kioo kiwe angavu, molekuli zinakuwa tayari zimejaa wakati eksitoni mpya zinafika, eksitoni zinagongana na kuuana, na ufanisi unaporomoka pale pale unapouhitaji, yaani juani.

Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilihamia kwenye iridiamu, kwa kampaundi inayoandikwa Ir(ppy)3. Haikuwa mpya, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara walikuwa wameieleza tangu 1985, bila kuwaza vioo. Tripleti yake inatoa mwanga ndani ya mikrosekunde moja au mbili hivi, haraka kiasi kwamba foleni haipati nafasi ya kujipanga. Kifaa cha kijani cha 1999 kilitoa nje fotoni 8 kwa kila elektroni 100. Kufikia 2001, kwa ndugu wa molekuli hiyo na mpangilio bora wa matabaka, zilifika 19, ambazo ukirudisha hesabu ndani ya kifaa ni karibu asilimia 87 ya eksitoni zote. Kutoka 1 hadi 19 katika miaka kumi na minne, na sehemu kubwa ya mruko huo ikiwa ndani ya mitatu ya mwisho. Ni mambo machache ya kemia niyajuayo yaliyobadilika kwa kasi hiyo.

Kaboni inayoshikana na metali

Iridiamu ndiyo inayopewa sifa, na inastahili. Lakini ninaamini kwamba jambo zito zaidi ni jinsi atomu hiyo inavyoshikwa, na hapo ndipo jina la kampaundi za oganometali linapopata maana yake. Kampaundi ya oganometali ni ile ambayo metali imefungana moja kwa moja na kaboni. Alq3 ya Kodak haimo humo kwa maana kali ya neno, kwa kuwa aluminiamu yake imeshikwa na oksijeni na nitrojeni. Kwenye Ir(ppy)3, iridiamu imezungukwa na ligandi tatu, yaani molekuli zinazoishika metali, za fenilipiridini (pete ya benzeni iliyounganishwa na pete ya piridini), na kila ligandi inaishika kwa mikono miwili: mmoja wa nitrojeni, wa pili wa kaboni.

Kifungo cha iridiamu na kaboni ni imara, na kinaisukumia metali elektroni kwa wingi. Matokeo yake ni kwamba ndani ya iridiamu kuna hali fulani za nishati zinazopandishwa juu sana. Hali hizo ni za hatari: elektroni ikiingia humo, vifungo vya metali na ligandi vinalegea, na molekuli inaweza kupoteza nishati bila mwanga au kupasuka moja kwa moja. Kaboni inaziweka mbali. Ungeiweka iridiamu ileile kwenye ligandi dhaifu, uzito wake wote usingekusaidia.

Rangi nayo inaamuliwa na ligandi. Eksitoni ikizaliwa kwenye Ir(ppy)3, elektroni inahama kutoka eneo la iridiamu na pete ya benzeni kwenda kwenye pete ya piridini. Umbali wa nishati kati ya sehemu hizo mbili ndio rangi. Mwanakemia akiirefusha pete ya piridini kwa kuibandika pete nyingine, mahali elektroni inapokwenda panashuka, pengo linapungua, na mwanga unateleza kutoka kijani cha nanomita 510 hivi hadi wekundu wa karibu 620. Akiweka atomu za florini kwenye pete ya benzeni, mahali inapotoka panashuka, pengo linaongezeka, na mwanga unaelekea buluu. Kampaundi maarufu ya FIrpic ilipatikana hivyo, na kilele chake ni karibu nanomita 470. Hata mpangilio wa mikono una uzito. Nitrojeni tatu zikiwa upande mmoja na kaboni tatu upande wa pili, Ir(ppy)3 inang'aa vizuri. Ukizichanganya kwa umbo lingine, atomu zilezile kwa idadi ileile zinang'aa kwa udhaifu.

Molekuli hizi haziwekwi zenyewe kwa zenyewe. Zikisongamana zinazimana, kwa hiyo zinatawanywa ndani ya kampaundi nyingine, mwenyeji, kwa kiwango ambacho mara nyingi hakizidi sehemu moja ya kumi. Vyote viwili vinapashwa moto ndani ya ombwe, vinageuka mvuke, na mvuke unapita kwenye matundu madogo mno ya bamba la chuma hadi kutua kwenye glasi. Na jinsi molekuli inavyotua ni jambo la kushughulikiwa pia: ikilala bapa, mwanga wake mwingi unaelekea nje, ikisimama, mwingi unaishia ubavuni. Siku hizi ligandi zinabuniwa kwa umbo linaloilazimisha molekuli ilale, na vifaa vya maabara vimevuka asilimia 30 ya fotoni zinazotoka nje bila kubandikwa lenzi yoyote.

Watu wakisikia iridiamu wanauliza kama itatosha. Swali ni la haki. Dunia inazalisha tani 7 au 8 hivi kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini, kwenye miamba ya Bushveld, ambako hupatikana kama ziada ya uchimbaji wa platinamu. Mwaka 2021 aunsi moja ilivuka dola 6,000, zaidi ya mara tatu ya bei ya dhahabu wakati ule. Lakini piga hesabu: tabaka la nanomita 30 juu ya kioo cha sentimita za mraba 100, likiwa na sehemu ya kumi ya Ir(ppy)3, linabeba kama mikrogramu 10 za iridiamu. Gramu moja ingetosha vioo laki moja. Hata ukikubali kwamba mvuke mwingi unanasa kwenye bamba na kuta za mtambo, kiasi kinabaki kidogo sana. Gharama iko kwenye kuunda molekuli, kuisafisha mpaka iwe safi kupindukia, na kwenye hataza. Fundi simu wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi anapokuuliza kama unataka kioo cha OLED au cha incell, tofauti ya bei inabeba kazi hiyo. Incell ni LCD yenye taa ya nyuma, na molekuli hizi hazimo ndani yake.

Buluu

Fotoni nyekundu ya nanomita 620 ina nishati ya elektronivolti 2.0. Ya kijani ina 2.4 hivi. Ya buluu ya nanomita 460 ina 2.7. Pengo kati ya 2.0 na 2.7 linaonekana dogo mpaka uangalie kinachoendelea ndani ya tabaka.

Kifungo cha kawaida cha kaboni na nitrojeni kinavunjika kwa elektronivolti 3.2 hivi, cha kaboni na kaboni kwa 3.6. Eksitoni moja ya buluu haifiki huko. Lakini tripleti inakaa mara elfu kuliko singleti, na katika kukaa huko inakutana na wengine. Ikikutana na tripleti mwenzake, mmoja anaweza kumkabidhi mwingine nishati yake yote, na molekuli moja ikajikuta na elektronivolti 5.4. Ikikutana na molekuli iliyobeba chaji, mambo ni hayohayo: nishati inarundikana mahali pamoja, na kifungo fulani kinakatika, ama kwenye iridiamu ama kwenye mwenyeji. Kipande kilichokatika hakitulii. Kinakuwa mtego unaonasa eksitoni zinazofuata, kwa hiyo molekuli chache zilizokufa zinazima mwanga wa nyingi zilizo hai.

Zile hali za hatari ndani ya metali nazo zinarudi. Kwenye kijani ziko mbali juu. Kwenye buluu eksitoni yenyewe imepanda, umbali umepungua, na joto la kawaida la kifaa linatosha kuirusha elektroni hadi huko. FIrpic inaonyesha madhara yote kwa pamoja: ligandi yake ya tatu, pikolineti, hubanduka, na florini zilizoipa rangi hazidumu kifaa kikifanya kazi. Zaidi ya hapo, mwenyeji lazima awe na tripleti iliyo juu kuliko ya mgeni, la sivyo nishati inamrudia yeye, na kampaundi zenye tripleti juu hivyo ambazo pia ni imara ni chache.

Ndiyo maana simu zilizotuzunguka zina mchanganyiko. Nyekundu na kijani ni za iridiamu. Buluu ni ya kampaundi zisizo na metali, zinazotoa mwanga kwenye singleti. Wahandisi wameikamua buluu hiyo kwa ujanja mzuri: tripleti mbili zikigongana zinaweza kuzaa singleti moja, na hivyo kupandisha dari kutoka asilimia 25 hadi 62.5. Bado ni pungufu. Kwenye simu nyingi nukta ya buluu imefanywa kubwa kuliko ya kijani ili ibebe mkondo kwa utulivu zaidi, na buluu ndiyo inayochakaa mapema. Alama ya kudumu ya kibodi au ya nembo ya kituo cha televisheni mara nyingi huanzia hapo.

Njia ya kwanza ya kuirekebisha buluu ya metali ni kuishika metali kwa nguvu zaidi. Ligandi za aina ya kabini (kwa Kiingereza carbene) zinaishikilia iridiamu kwa kaboni zenye mshiko mkali kuliko wa fenilipiridini, na kuzipandisha tena zile hali za hatari. Njia ya pili imerudi kwa platinamu. Jian Li na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona State walitengeneza ligandi moja inayoizunguka platinamu na kuishika sehemu nne kwa mpigo, ili hata kifungo kimoja kikilegea, vingine vitatu viirudishe mahali pake. Molekuli hizo ni bapa, na zikilaliana rangi inahamia kwenye wekundu, hivyo zinabandikwa makundi manene pembeni ili zisikaribiane. Nitakiri kwamba hii ndiyo njia ninayoipa matumaini makubwa, kwa sababu inatibu chanzo cha kuvunjika.

Njia nyingine haigusi molekuli. Mwaka 2014 kundi la Forrest lilionyesha kwamba ukitawanya molekuli za buluu kwa kiwango kinachopungua taratibu kutoka upande mmoja wa tabaka hadi mwingine, badala ya kiwango kimoja kote, eksitoni zinaenea, migongano inapungua, na uhai wa kifaa unaongezeka mara kumi ukilinganisha na mpangilio wa kawaida. Wapo pia wanaobadilisha haidrojeni za molekuli kwa deuteriamu, haidrojeni nzito, ambayo kifungo chake na kaboni ni kigumu zaidi kukatika. Na wapo walioiacha metali: mwaka 2012 Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha molekuli zisizo na metali ambazo tripleti yake iko chini kidogo tu ya singleti, kiasi kwamba joto la kawaida linaipandisha. Cha kufurahisha ni kwamba njia ya metali na ile isiyo na metali zimeanza kukutana. Platinamu au iridiamu inakusanya eksitoni zote, kisha inazikabidhi kwa molekuli ya boroni inayotoa buluu safi yenye mkanda mwembamba, na kwa kuwa eksitoni hazikai sana kwenye metali, metali haichakai upesi.

Mei 2025 LG Display ya Korea Kusini ilitangaza kwamba imehakiki paneli yenye buluu ya tripleti kwa kiwango cha uzalishaji kiwandani, ikishirikiana na Universal Display Corporation ya New Jersey. Paneli hiyo ina matabaka mawili ya buluu yaliyopangwa moja juu ya jingine: la chini ni la singleti, linalodumu, la juu ni la tripleti, lenye ufanisi. Kampuni inasema matumizi ya umeme yameshuka kwa asilimia 15 hivi huku uhai ukibaki kama wa paneli za sasa. Nusu ya buluu imevuka, na tabaka la chini bado linasubiri molekuli itakayoweza kuachwa ifanye kazi peke yake.